Machozi ya Somoe

Mwezi uliopita macho yalinisumbua mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mimi ni fundi cherehani hapa Pemba, hii ya Msumbiji, na msimu wa sare za shule ulikuwa umenibana. Nilishona tangu alfajiri, vumbi la kitambaa kipya likinirukia usoni. Nikaenda duka la dawa lililo karibu na soko. Binti wa dukani aliniangalia, akanyoosha mkono kwenye rafu, akanipa kichupa cha plastiki ambacho kingeweza kufichika kiganjani mwa mtoto.

"São lágrimas artificiais, mamã," akasema. Alipoona nimenyamaza akadhani sikuelewa Kireno, akarudia kwa Kiswahili cha kubahatisha: "Machozi. Machozi ya kutengeneza."

Nilikuwa nimeelewa. Nilinyamaza kwa sababu maneno hayo sikuwa nimeyasikia tangu utotoni, na siku niliyoyasikia kwa mara ya kwanza niliyaelewa kombo kabisa. Nikarudi nyumbani na kichupa changu, nikakaa barazani, na kabla sijakifungua nikawa kwa mawazo nimeshafika Olumbi, kijijini kwetu, kwa mdogo wangu Somoe. Hatunaye tena. Lakini yeye ndiye wa kwanza katika nyumba yetu, na nadhani katika kijiji kizima, kutiwa machoni machozi yaliyotoka kiwandani.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara ile inayotoka Mocímboa kwenda Palma. Mbele kulikuwa na vumbi jekundu la magari, nyuma kulikuwa na mihogo iliyoanikwa juu ya mkeka, na katikati palikuwa na harufu ya ng'onda, samaki wa chumvi waliokaushwa, ambayo hata ukiondoka ilikufuata ndani ya nguo. Baba alikuwa mtu wa ng'ambo, wa upande wa Mtwara. Alikuja akiuza vitenge na mabeseni, akamwoa Mama, akabaki. Ingawa kubaki kwake kulikuwa kwa kwenda na kurudi, maana kila mara alikuwa akivuka Ruvuma kufuata mali. Baada yake alikuja mama yake, Bibi yetu, akaishi nasi. Na baada ya Bibi alikuja Shangazi Fatu, dada yake Baba, akaolewa palepale Olumbi, nyumba ya pili kutoka kwetu.

Kwamba Somoe ana chumvi, Mama alikuwa wa kwanza kujua, na alijua kwa midomo. Alikuwa akimbusu mtoto kwenye paji la uso, anajilamba, anambusu tena.

"Mtoto huyu ana chumvi," akamwambia Bibi.

"Ulikula ng'onda mno ulipokuwa na mimba yake," Bibi akajibu, na kwa miaka mingi hilo ndilo lilikuwa jibu la swali hilo nyumbani kwetu.

Siku za joto chumvi ile ilionekana kwa macho. Jasho likikauka, alibaki na mstari mweupe kwenye paji, pale nywele zinapoanzia, na ushungi wake mweusi wa madrasa ulikuwa na ramani nyeupe shingoni hata ufuliwe vipi. Mbuzi wa jirani walimpenda kuliko sote. Akikaa kizingitini, walikuja wakamlamba miguu, naye akicheka mpaka kikohozi kinamshika, maana kikohozi hakikuwa mbali naye kamwe. Alikula kutushinda sote, akabaki mwembamba kama ufito.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu mwenyewe. Niliamini kwamba Mama hakumzaa Somoe. Alimwokota ufukweni maji yalipokupwa, akamficha ndani ya kanga, na bahari ilikuwa bado haijajua. Kwa hiyo tulipokwenda kuokota kombe sikumwachia mkono. Maji yakianza kujaa nilimvuta nyuma kwa nguvu hadi analalamika. Nilijua kitu ambacho wengine hawakijui, na sikumwambia mtu.

Kisha kulikuwa na macho. "Da Esha, nina mchanga," alikuwa akisema, naye ameyakunja kama mtu anayetazama jua. "Nipulize." Nilikunja ncha ya kanga, nikaipuliza mpaka ikapata joto, nikamkandamiza jicho taratibu, moja kisha jingine. Ilimpa nafuu kidogo. Nilimfunua kope nikatafuta, na mchanga sikuuona hata siku moja. Niliona wekundu tu, na kitu kama utelezi uliokauka pembeni, unaovutika kama ulimbo.

Machozi hayakuwepo. Alipoanguka akachubuka goti, uso ulikunjamana, mdomo ulifunguka, sauti ilitoka, lakini mashavu yalibaki makavu. Watoto wenzetu walidhani anajifanya. Mimi tena nilikuwa na jibu: chumvi yote na maji yake yametokea kwenye ngozi, hayafiki machoni.

Jua likishatua, alikuwa haoni. Kwenye giza jepesi la magharibi, wakati sisi wengine bado tunacheza rede barabarani, yeye aligonga vyungu, alikanyaga moto, alisimama katikati ya uwanja akisikiliza. "Ana macho ya kuku," Bibi alisema. "Jua likizama, kuku huingia ndani." Akawa anamwita mapema, anamkalisha karibu naye, anamsimulia hadithi ili asione kuwa ameitwa kwa sababu ya macho. Bibi alimpikia matapa, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa na kutiwa tui zito, na alimchagulia kipande cha samaki kisicho na mwiba kwa kukipapasa kwa vidole. Somoe alilala kitandani kwa Bibi tangu alipoacha kunyonya.

Bibi alipofariki, ilikuwa asubuhi ya siku ya kawaida, na nyumba ikajaa wanawake kabla uji haujapoa. Shangazi Fatu alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kanga imemtoka kichwani, akimlilia mama yake kwa sauti iliyonitisha. Sote tulilia. Hata watoto ambao hawakumjua Bibi walilia kwa kuona wengine wanalia. Somoe alikaa ukutani, amekumbatia magoti, macho mekundu makavu yakimtazama kila mtu.

Shangazi akamwona. Sidhani alikuwa amekusudia. Mtu mwenye uchungu hutafuta pa kuuweka. Akasema mbele ya wanawake wote, "Mtoto huyu ana moyo mkavu. Mama yangu amemlea kitandani kwake, na hata chozi moja hana."

Wanawake wakageuka kumtazama. Mmoja akasema, "Mwache, Fatu, ni mtoto," lakini neno lilikuwa limeshatoka. Somoe akainamisha kichwa kwenye magoti.

Kesho yake tulikwenda kisimani, mimi na yeye. Nilikuwa nimeinama navuta kamba, na nyuma yangu akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza habari ya ndoo:

"Da Esha, mimi nilikuwa simpendi Bibi?"

"Ulikuwa unampenda."

"Sasa mbona hayatoki?"

Nilivuta kamba. Yale maelezo yangu ya bahari na ngozi, siku ile niliona hayafai kitu. Yeye alikuwa ameshayatafakari usiku kucha peke yake, kwenye kitanda ambacho sasa kilikuwa kikubwa mno kwake, na alikuwa amefikia mahali pa kutojua kilichomo ndani ya moyo wake mwenyewe.

Siku ya hitma, kabla wanawake hawajaanza kusoma, nilimkuta uani penye mtungi. Alichovya vidole, akajipaka maji chini ya macho, akangoja yatiririke, akachovya tena. Aliponiona hakustuka. "Yanaonekana?" akauliza. Nikamwambia upande wa kushoto hayatoshi. Tukaingia pamoja, akakaa mahali ambapo Shangazi angemwona, akakaa na maji yake mashavuni, wima, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

Shangazi alikuwa ameinamia msahafu wake. Aliyeona alikuwa Mama. Alimvuta Somoe, akamfuta kwa kanga, na katika kumfuta akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. Akamwangalia macho kwa muda mrefu. Pembeni ya mboni, kwenye ule weupe, palikuwa na kitu kama povu la sabuni, kidoa kidogo cheupe kisichofutika. Siku iliyofuata, asubuhi na mapema, akatuchukua wote wawili kwenye posto, kile kituo cha afya cha serikali.

Pale alikuwepo enfermeira, muuguzi aliyeletwa kazini kutoka Inhambane, mbali kusini. Tulimwita Dona Celeste. Kiswahili alikuwa amekiokota kwetu wagonjwa, neno hapa neno pale, na hakukionea haya. Alimkalisha Somoe mlangoni penye mwanga.

"Mamã, macho hii hakuna maji," akasema. "Está seco. Kavu. Usiku anaona?"

"Haoni."

"Anakohoa siku nyingi?"

"Tangu kuzaliwa kwake."

Dona Celeste akampapasa mikono iliyokonda, akaitazama ile chumvi kwenye paji, akaguna. Akaleta kidonge laini chekundu, akakikata ncha kwa mkasi, akamkamulia mafuta yake mdomoni. Vitamini ya macho, akasema, na akatuambia turudi kesho kwa kingine.

Siku chache baadaye tulikuwa uani, jua limeshatua, Mama anachochea moto. Somoe akasema, "Kuku wa Shangazi yuko juu ya paa."

Nikatazama. Kwenye paa la makuti la Shangazi, weusi juu ya weusi, kuku alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Mimi mwenyewe nilihitaji muda kumwona. Mama akaacha moto. Akamwuliza na mti ule unauona, na ndoo, na mimi, na Somoe akavitaja vyote kimoja kimoja akionesha kwa kidole, na jioni ile hakukubali kuingia ndani. Alizunguka uwanja akishika vitu.

Haikudumu. Wiki zilipopita, giza lake likarudi, na kidoa kikarudi. Dona Celeste alimpa tena kidonge, kikafanya kazi, kikaacha. Siku moja akamwambia Mama, "Dawa inaingia, dawa inatoka. Mwili haishiki. Kuna kitu kingine ndani, mamã. Mimi sijui. Mpeleke kwa daktari wa macho, upesi, kabla kioo cha jicho kupasuka."

Baba alikuwa ndiyo kwanza amerudi safari. Barabara ya kwenda Pemba mvua ilikuwa imeiharibu, na ndugu zake, ukimtoa Shangazi Fatu, wote walikuwa ng'ambo. Alimsikiliza Mama mpaka mwisho, akamwita Somoe, akamtazama macho kama Mama alivyomtazama.

"Tutavuka," akasema.

Somoe akasema haendi bila mimi. Basi tukavuka wote, kwa mtumbwi mrefu, magoti yetu yakigusana, mpiga kasia akitunyamazisha tulipopita penye viboko. Mimi sikuacha kuyatazama maji. Yalikuwa ya mto, si ya bahari, lakini sikuwa na hakika kama bahari na mto hawaambiani.

Daktari wa macho wa Mtwara alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Chumba chake kilikuwa na giza la pazia na harufu ya spiriti. Alitoa karatasi nyembamba, ndogo kuliko ukucha wa kidole kwa upana, akaeleza kwamba ataining'iniza kwenye kope ya chini ili aone jicho linatoa machozi kiasi gani. Somoe akafunika uso kwa mikono miwili.

"Basi tuanze na dada mtu," daktari akasema.

Nikakaa kwenye kiti kirefu. Karatasi iliniwasha, macho yakajaa papo hapo, na nikaona kwa chini unyevu ukishuka kwenye karatasi haraka haraka. "Vizuri sana," daktari akasema, nami nikavimba kichwa. Nilidhani ni mtihani. Zamu ya Somoe ikafika. Alikaa kimya, karatasi mbili zikimning'inia usoni, mikono imekamata kiti. Tulisubiri. Zangu zilikuwa zimelowa hadi mwisho. Zake zililowa ncha tu, zikakomea hapo.

Nilimwona anazitazama karatasi zangu mezani, kisha zake. Nikamwambia daktari, "Mimi ninayo mengi. Anaweza kuazima yangu?"

Baba alicheka kidogo. Daktari hakucheka. "Hayaazimwi, binti," akasema. "Lakini ninayo ya chupa, nitampa." Kisha akavuta kiti akakaa mbele ya Somoe, akamweleza yeye, si wazazi.

"Machozi si maji matupu," akasema. "Yana ute chini, unaoyashika jichoni. Yana maji katikati, na maji hayo yana chumvi na dawa ya kuua vijidudu. Juu yana mafuta kidogo, ili yasikauke upesi. Yako yamekuwa machache, na yamechanganyika vibaya. Ndiyo maana unasikia mchanga. Jicho lako linajitahidi, lakini vitu vya kutengenezea halina."

Somoe alifikiri.

"Kwa hiyo mtu anaweza kulia na yasitoke?"

"Anaweza. Wewe ndivyo ulivyo."

"Kwa hiyo Bibi nilikuwa nampenda?"

Daktari akamtazama Baba. "Bibi gani?"

Baba hakujua. Hakuwepo siku ile ndani kwa wanawake, na hakuna aliyemwambia maneno ya dada yake. Mama ndiye aliyejua. Alikuwa amesimama mlangoni na kanga mdomoni. Akaja akapiga magoti mbele ya kile kiti kirefu, akamshika Somoe miguu yake yote miwili.

"Ulimpenda," akasema. "Mimi nilikuwa nakuona. Kila siku nilikuwa nakuona."

Somoe akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia. Ni Baba aliyetoka nje. Niliona mgongo wake kwenye ukumbi kupitia mlango uliobaki wazi, na aliporudi, safari nzima iliyobaki alimbeba Somoe begani hata pale alipoweza kutembea.

Daktari ndiye aliyeuliza habari za chumvi, na kikohozi, na chakula kinachopita bila kukaa mwilini. Akaandika barua ya kwenda kwa daktari wa watoto, Dar es Salaam. Mimi nilibaki Mtwara kwa ndugu za Baba; Mama na Somoe walikwenda. Walimfunga mkono kwa plastiki, wakakusanya jasho lake, wakalipima. Walirudi na jina la ugonjwa ambalo Baba alijaribu kulitamka akaacha. Kiini chake Mama alikishika vizuri: ute wa mwili wake ni mzito, unaziba kifua na tumbo, chumvi inatoroka kwenye jasho, na mafuta ya chakula hayakai, ndiyo maana vitamini ya macho nayo haikai. Ni kitu cha kurithi. Baba ana nusu, Mama ana nusu, kila mmoja mzima na hajui. Nusu mbili zilikutana kwa Somoe.

"Basi ng'onda haina kosa," Mama akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu msiba. Tena daktari aliagiza Somoe aongezewe chumvi kwenye chakula, na tui kwa wingi, pamoja na dawa ya unga ya kumeza kila anapokula.

Na vichupa. Asubuhi na jioni Somoe alilala chali mapajani kwa Mama, akafumbua macho, akatiwa tone moja moja. Watoto wa jirani walikuja kutazama. Mimi nilikuwa nimeelewa jambo moja tu katika yote yaliyosemwa: kwamba yale yalikuwa machozi, na kama ni machozi, yuko mtu aliyeyalia. Nilikiona kabisa akilini chumba chao huko Dar, kirefu, chenye mabenchi, wanawake wameketi kwenye mstari wakilia ndani ya vichupa, na mtu anapita kuvikusanya. Nilimweleza Somoe, naye akaamini mara moja. Tangu hapo akawa anawachambua. "Huyu wa leo alikuwa na huzuni sana," alisema akipepesa. Au, "Huyu alikuwa anakata kitunguu tu." Jioni, Mama akituombea dua, Somoe alinong'ona na kuwaombea wanawake wa benchi.

Masika yalipokuja, Ruvuma ikafura, Baba akakwama upande wa pili, na kichupa cha mwisho kikaisha. Macho ya Somoe yakawa mekundu tena, akawa anashinda ndani, kichwa chini ya kanga. Mimi nikajua la kufanya. Nikachukua vitunguu jikoni, nikaenda nyuma ya choo, nikakata kwa nguvu, uso karibu kabisa na kisu. Nilikuwa nimeosha kizibo cha soda. Kila chozi lililoshuka nililikinga. Ni kazi ngumu kuliko mtu anavyodhani. Mengi yaliingia mdomoni.

Mama alinikuta na kizibo kikiwa kimejaa nusu, macho yangu yamevimba. Nikamweleza: wanawake wa Dar hawawezi kuvuka mto, basi nimelia mimi. Alikaa chini palepale kwenye majani. Akanieleza kwamba hakuna mtu aliyelia. Kwamba ni maji safi na dawa, yanatengenezwa na mashine. Na kwamba machozi ya kitunguu, yaliyopita kwenye mashavu na kizibo, yangemharibu Somoe jicho.

"Hakuna aliyelia hata mmoja?" nikauliza.

"Hakuna."

Nilisikia nafuu, na pia nilisikia kama nimefiwa na watu wengi kwa mpigo. Somoe alikuwa amesikia sauti zetu akatoka, mkono juu ya macho. Akakichukua kizibo. Kabla Mama hajamzuia, akachovya kidole, akakilamba.

"Da Esha," akasema, na akashangaa kwa furaha. "Kumbe na wewe una chumvi."

Dona Celeste alituma neno Palma, na dereva wa lori akaleta mafuta ya macho yaliyomsaidia mpaka Baba akavuka. Jicho la kushoto lilibaki na kovu kama ukungu. La kulia lilipona. Kifua ndicho kilichokuja kumchukua, miaka mingi baadaye, kule Mtwara, akiwa ameshakuwa msichana mkubwa, Mama akiwa pembeni yake kitandani. Sisi wengine tukaja kutawanyika wakati wa vurugu, wenye silaha walipochoma vijiji, na nyumba ile ya kando ya barabara haipo. Lakini katikati alipata miaka mizuri. Alisoma. Baba alimletea miwani ya jua, akawa mwanafunzi pekee mwenye miwani ya jua shuleni, na wenzake wakamwita Artista, yaani msanii. Katika miaka hiyo ipo siku moja ambayo, nikiwa barazani na kichupa kile mkononi, niliirudia pole pole nisije nikaimaliza.

Ilikuwa siku aliyofiwa Shangazi Fatu. Mumewe alitoka shambani, akalala kupumzika, hakuamka. Tangu maneno yale kwenye msiba wa Bibi, Shangazi na Somoe walikuwa wakisalimiana tu. Mama alikuwa amemweleza wifi yake habari ya ugonjwa, faraghani. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwake, na hakuna aliyejua jambo hilo ameliweka wapi.

"Ukitaka, baki nyumbani," Mama alimwambia Somoe.

"Nitakwenda."

Alivua miwani, akaiweka kwenye mto. Nilimtazama kama angepitia kwenye mtungi. Hakupitia. Tukaingia kwa Shangazi, chumba kimejaa wanawake, joto na harufu ya ubani. Somoe akaketi karibu na mlango, akafunika magoti kwa kanga, macho yake makavu wazi mbele ya kila mtu. Watu wakaanza kutazama, kama zamani.

Shangazi aliinua uso. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Alimtafuta kwa macho, akampata.

"Somoe. Njoo hapa."

Akaenda, akipita katikati ya miguu ya watu. Shangazi akasogea kwenye mkeka, akamwachia nafasi.

"Njoo tulie."

"Shangazi, mimi sina machozi."

"Najua, mwanangu," Shangazi akasema. "Lia hivyo hivyo."

Somoe akamlalia kifuani. Nilikuwa nimeishi naye maisha yake yote na nilikuwa sijawahi kumwona akilia hasa, kwa sababu siku zote nilikuwa natazama mashavu. Siku ile niliona mabega. Niliona vidole vyake vinavyokunja na kukunjua kanga ya Shangazi, na pumzi inayokwama, inapita, inakwama tena. Shangazi akamweka kidevu juu ya kichwa, akamshika mgongo kwa mikono miwili, na machozi yake yakawa yanashuka kwenye nywele za Somoe, wala hakuyafuta.